Sikio la Bibi Kizee: Nadharia Zetu Kuhusu Shing'weng'we

Kila mwaka ninapofundisha matumizi ya masimulizi kama chanzo cha historia, huwapa wanafunzi wangu ngano ya Kisukuma ya Shing'weng'we na kuwataka waifasiri. Kwa msomaji asiyeifahamu, Shing'weng'we ni zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha katika lundo la makapi. Mama huyo akazaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, jina linalobeba maana ya mtu mwenye akili na mwepesi wa kuelewa. Kijana alipokua aliuliza walipo watu wengine. Alipojibiwa, akaanza kuwinda. Kila alichokiua alimletea mama yake na kumuuliza kama ndicho Shing'weng'we, naye mama akamjibu kwamba sicho, mpaka siku alipoliua zimwi lenyewe na kulipasua tumbo. Watu wakatoka wazima. Lakini kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja, naye akakasirika, akamlaani kijana na kutaka kumroga.

Ngano hii haijawahi kukosa wafasiri. Wamisionari Joseph Healey na Donald Sybertz, ambao waliiandikia katika kitabu chao cha teolojia ya masimulizi ya Kiafrika cha mwaka 1996, walimwona Masala Kulangwa kuwa mfano wa Kristo mkombozi. Wanafunzi wangu huliona zimwi kuwa ukoloni, wengine kuwa kampuni za migodi, na kila kundi hutetea nadharia yake kwa bidii ambayo ningependa niione pia kwenye mitihani.

Mwaka huu mjadala ulihama kutoka kwa zimwi ukaenda kwa bibi kizee. Kijana mmoja kutoka Kahama alidai kwamba bibi yule hakumezwa kama wengine, bali aliishi tumboni mwa zimwi kwa hiari yake, kwa sababu ndiye aliyelifuga, kama wachawi wasemwavyo kufuga fisi. Alikuwa na hoja tatu. Kwanza, katika watu wote waliotoka tumboni, ni yeye peke yake anayetajwa kuwa na uwezo wa kuroga. Pili, wenzake walishangilia, yeye akakasirika. Tatu, ngano haielezi zimwi lilitoka wapi, na jambo lisilo na chanzo lazima lina mwenyewe. Darasa lilifurahi sana. Wengine waliongeza ushahidi wao, na ndani ya robo saa bibi alikuwa amekwisha kuhukumiwa.

Msichana mmoja kutoka Geita hakucheka. Baada ya kipindi alinifuata akaniambia, "Mwalimu, bibi yangu mzaa baba alitoroshwa kijijini usiku kwa hoja hizo hizo." Nimeandika makala hii kwa sababu ya sentensi hiyo.

Sina ugomvi na nadharia ya ngano. Msomaji ana haki ya kujaza pengo lililoachwa na msimulizi, na kutafuta nia iliyofichika ni sehemu ya raha ya kusikiliza hadithi. Hoja yangu ni kwamba njia ya kufikiri tuliyoitumia darasani siku ile ina historia katika ukanda wa Shinyanga na Geita, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa kwa damu.

Utafiti wa mwanaanthropolojia Simeon Mesaki ulionesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya mauaji hayo yalitokea Usukumani. Mesaki aliyahusisha mauaji hayo na mambo yanayoonekana kwa macho. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwakusanya watu waliozoea kuishi mbalimbali, kila kaya na eneo lake, ikawafanya majirani wa lazima. Maradhi yaliendelea kuua bila kupata jina la kitabibu. Migogoro ya ardhi na urithi ilikuwapo, na mjane mzee alikuwa kikwazo rahisi kukiondoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sungusungu walipoanza Kahama kupambana na wezi wa ng'ombe, haikuchukua muda mrefu baadhi yao wakageukia pia wanawake waliotuhumiwa uchawi.

Ushahidi uliotumika ulifanana na ule wa darasani kwangu. Bibi ana macho mekundu. Bibi hakulia msibani. Mtoto amekufa na hakuna ajuaye sababu, basi lazima yupo aliyesababisha. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi, baada ya miaka arobaini ya kupika kwa kuni, mabua na samadi ya ng'ombe. Kila mtu kijijini aliuona moshi ule kila jioni. Lakini mpiga ramli alikuwa na maelezo yanayovutia zaidi, kwa kuwa yalikuwa na mhusika, nia na siri.

Msomaji anaweza kunipinga hapa, na ana haki. Watu wa ukanda huu wana sababu nzuri za kushuku nia zilizofichika. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwa nguvu Bulyanhulu, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji hapo hapo. Mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia yalizuiwa bandarini Dar es Salaam, na kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasema yalikuwa na madini mengi kuliko yaliyotangazwa. Kampuni ya Acacia ilikanusha. Je, kushuku kwa namna hii nako ni ushirikina?

Sivyo. Kontena linaweza kufunguliwa, mchanga ukapimwa maabara, kamati ikapingwa kwa takwimu na kampuni nayo ikajitetea kwa takwimu. Anayeshuku anaweza kugundulika kuwa amekosea. Bibi aliyetajwa na ramli hana namna hiyo. Akikana, ni ujanja wa wachawi. Akinyamaza, amekiri. Akilia, anajifanya. Nadharia ambayo kila jibu huithibitisha haiwezi kumwachia mtu huru, hata awe safi namna gani.

Dhahabu iliongeza sura nyingine. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mpya ulipoanza kazi mwaka 2000 maelfu ya wachimbaji wadogo walikuwa tayari wametapakaa katika maduara ya eneo lote. Katika kazi ile watu wawili hushuka kwenye mashimo yaliyopakana, wakiwa na sururu za aina moja na njaa ya aina moja; mmoja akatoka na utajiri, mwingine na vumbi. Tofauti ni mkao wa mwamba chini ya ardhi, jambo ambalo mwenye duara hana vipimo vya kulijua. Katika pengo hilo la maarifa akaingia mganga na nadharia yake ya bahati. Watafiti Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington waliandika mwaka 2010 jinsi uhusiano wa wachimbaji na waganga ulivyochangia imani kwamba viungo vya watu wenye ualbino huvuta dhahabu. Umoja wa Mataifa umehesabu zaidi ya watu 70 wenye ualbino waliouawa nchini tangu mwaka 2000, na Kanda ya Ziwa iliumia kuliko sehemu nyingine. Hukumu ya kwanza ilitolewa na Mahakama Kuu iliyoketi Kahama mwezi Septemba 2009, dhidi ya wanaume watatu waliomuua mtoto wa miaka 14.

Dola nayo imejibu kwa namna zake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo leo ni Sura ya 18, inaifanya tuhuma ya uchawi inayotolewa nje ya mamlaka husika kuwa kosa. Sheria hiyo hiyo ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtuhumiwa aishi mahali pengine, na hivyo kumwondoa anayetuhumiwa badala ya anayetuhumu. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga. Mwaka 2015 likaja katazo jingine, na zaidi ya waganga 200 wakakamatwa. Sipuuzi hatua hizo. Wapigao ramli chonganishi wanastahili kushtakiwa. Lakini mteja aliyekwenda kwa mganga alikuwa na swali, na swali hilo hubaki kijijini mganga akiwa rumande: mwanangu amekufa kwa nini, duara langu ni tupu kwa nini?

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu mlitazame swali hilo kama kazi yenu. Zahanati inayoweza kuieleza familia sababu ya kifo humnyang'anya mpiga ramli mteja. Ofisi ya madini inayompa mchimbaji mdogo taarifa za kijiolojia hufanya vivyo hivyo, na baraza la ardhi linaloharakisha shauri la mjane huenda likaokoa maisha yake.

Nirudi kwa bibi kizee. Wiki iliyofuata niliwasomea wanafunzi mwisho wa ngano, ambao kijana wa Kahama hakuufikia. Masala Kulangwa hakuitisha ramli kujua bibi ana njama gani. Alitafuta dawa ya miti shamba akamtibu sikio, kisha watu wote wakamsimika kuwa mtemi wao. Kijana wa Kahama alifikiri kidogo, akasema nadharia yake bado inawezekana. Nikamjibu kwamba katika ngano inawezekana kabisa, kisha nikamwomba aniambie ni nini bibi yule angeweza kusema au kutenda ili yeye aamini kwamba hana hatia.

Hajanijibu bado. Msichana wa Geita alikuwa ameketi safu ya pili, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa akimtazama.