Paa la Nyasi, Paa la Bati

Ukitaka kuwauzia watu wa Kiriaini wazo la paa la kijani, jiandae kwanza kueleza kwamba huzungumzii rangi. Mabati ya kijani tunayo tele, pamoja na mekundu na ya buluu. Na ukishafafanua kwamba unamaanisha udongo na mimea hai juu ya nyumba, kuna mzee atakuangalia kwa huruma na kukuuliza: kwa hivyo mnataka turudi kwa nyasi?

Mimi nalichukulia swali hilo kwa uzito. Kila nikisoma makala kuhusu majengo ya kijani naona hesabu za joto na hewa ukaa, na hakuna anayeuliza watu wa mahali fulani wanakumbuka nini wakitazama juu. Huku kwetu, kuanzia Kiriaini na Kangema hadi Othaya na Karatina, paa lina kumbukumbu, na kumbukumbu zenyewe si za mbali sana.

Hapo kale nyumba ya Mkikuyu ilijengwa kwa siku moja. Jomo Kenyatta aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya: mbao na nguzo zilikuwa kazi ya wanaume, nyasi za kuezekea zilikuwa kazi ya wanawake, na moto ulipaswa kuwashwa ndani kabla nyumba haijalala tupu. Kwa hivyo majirani walikuja wote. Moshi wa jiko haukuwa uchafu tu. Ulipanda ukakausha nyasi na kufukuza wadudu, na paa likadumu. Baridi ya Julai, ile tunayoiita gathano, ilibaki nje. Nyasi hazikununuliwa. Zilikatwa mahali ambapo hapakuwa na ua wala mtu wa kukuuliza umeingia kwa ruhusa ya nani.

Bati lilitoka mbali. Mhandisi Henry Robinson Palmer alipata hataza ya bati la mikunjo mjini London mwaka 1829, na kufikia wakati reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 lilikuwa limeshazunguka makoloni yote. Ni jepesi, linapangwa kama karatasi, fundi mmoja na msaidizi wake wanamaliza kazi. Huku mlimani lilianzia kwa misheni, maduka na machifu, kisha kwa athomi, wale waliokuwa wamesoma. Ukiona paa linang'aa ng'ambo ya bonde ulijua hapo kuna mtu wa barua na mshahara.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Kuanzia katikati ya 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni moja wa Central hadi kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongwa ncha. Nyumba walizoacha ziliteketezwa. Nyasi kavu hazihitaji zaidi ya njiti moja. Wanawake, maana wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, walilazimishwa kujenga nyumba mpya kwa haraka, kwa safu, huku amri ya kutotoka nje ikiwabana. Mtu aliyeona paa lake likiwaka hivyo hawezi kusikia neno "asili" kwa sikio unalolisikia wewe uliyekulia flati ya Roysambu.

Wakati huohuo kulikuwa na mpango wa Swynnerton, nao ni wa 1954. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika viliunganishwa, vikapimwa, kila mtu akapewa hati na mpaka. Huwa tunaisimulia hadithi hiyo kama habari ya kahawa na chai na ng'ombe wa gredi, na ni kweli, lakini tazama ilivyofanya kwa paa. Mahali pa kukata nyasi pakawa shamba la mtu. Mteremko uliokuwa na majani marefu ukapandwa chai, na pale penye nyasi pakapandwa napia ya kulisha ng'ombe. Watu walipotoka vijijini kurudi kwenye mashamba yao mapya mwishoni mwa miaka ya hamsini na mwanzoni mwa sitini, ardhi walikuwa nayo, nyasi za kuezekea hawakuwa nazo. Kwa hivyo tusiseme tu kwamba watu walizikataa nyasi kwa sababu ya ushamba wa kupenda vya mzungu. Zilikuwa zimewaishia.

Hapo ndipo vikaja vikundi vya mabati, na sehemu hii ndiyo naipenda kuliko zote. Katika miaka ya sitini na sabini wanawake wa Central walijikusanya, kumi, ishirini, thelathini, wakachanga shilingi chache kila mwezi. Pesa zilitoka wapi? Walilima mashamba ya watu kwa vibarua, wote kwa pamoja, wakauza viondo na mazao, wakacheza ngoma kwenye sherehe. Fungu likitosha, mabati yalinunuliwa na nyumba ya mmoja wao ikaezekwa. Mwezi mwingine zamu ya mwenzake. Vingine viliitwa Nyakinyua, jina la kina mama wa rika fulani, na baadaye baadhi vikaendelea hadi kununua ardhi. Chama chako cha M-Pesa kina ukoo, na huu ndio.

Shosho yangu alikuwa kwenye kikundi kama hicho. Nilipomuuliza walitaka mabati kwa nini, nilitegemea aseme hadhi, au kuvuja. Alisema: "Maji." Si ningejua! Nyasi hazikuachii maji ya kunywa. Bati lenye gata linakujazia pipa. Mto uko chini ya bonde, na huku mabonde si ya mchezo. Kushuka ni rahisi, kupanda na mtungi mgongoni kamba ikikukata kwenye paji la uso ndiyo kazi. Hesabu yake ni hii: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 50 za mraba, mvua ya jioni ya milimita 30, hizo ni lita 1,500, toa kidogo zinazomwagika. Hiyo ni mitungi 75 ya lita 20 ambayo hakuna mwanamke aliyeibeba. Na huku juu, karibu na Aberdare, mvua ya mwaka inaweza kupita milimita 1,400.

Sasa ndiyo uone ugumu wa paa la kijani hapa. Sifa yake kuu kule lilikosifiwa ni kwamba hulinyonya maji. Ujerumani walianza kuyatengeneza kitaalamu tangu miaka ya sabini. Toronto ilipitisha sheria mwaka 2009 kwamba majengo makubwa mapya, ya kuanzia mita za mraba 2,000, yawe nayo. Wanataka mvua isikimbie moja kwa moja hadi mitaroni. Lakini kwa mama wa Kiriaini, maji yanayoshikwa na udongo ni maji yasiyofika kwenye tangi, na yatakayofika yatakuwa na rangi ya chai. Hata ile hoja ya pili, kupoza nyumba, huku haiuziki. Nani anataka kupozwa Julai ya Kiriaini?

Uzito nao si mdogo. Bati jembamba la geji 30 halizidi kilo tatu kwa mita ya mraba. Udongo wa kawaida wa sentimita 10, ukilowa, unakaribia kilo 200. Huwezi kuuweka juu ya mbao za paa la nyumbani ukaenda kulala. Unahitaji slabu, na chini ya udongo tabaka la kuzuia maji na la kuzuia mizizi. Wakulima wa Norway walikuwa wakitandaza magome ya mti wa betula chini ya majani kwa karne nyingi. Sisi tutahitaji kitu cha dukani, tena cha bei.

Slabu zipo. Pita barabara ya mji uhesabu ghorofa zilizosimamishwa kati, vyuma vimechungulia juu kama nywele zilizokosa kuchanwa. Mwenye ploti anangoja pesa aongeze ghorofa moja tena. Juu hapo kuna kamba za nguo, tangi jeusi, labda kuku. Ukimwambia apande bustani atakuuliza swali la haki kabisa: na nikitaka kupandisha? Mpangaji naye hawezi kuwekeza kwenye paa ambalo kesho si lake.

Lakini mimi bado naliona lina nafasi, na sababu yangu iko chini, si juu. Mji umekaa kwenye ukingo. Kila shamba linalogeuka ploti linaongeza bati na simiti, na mvua iliyokuwa ikizama polepole kwenye udongo mwekundu sasa inatoka kwa gata zote kwa dakika zilezile, inashika kando ya lami, inachimba korongo kwenye shamba la mtu wa chini. Miteremko ya Murang'a inajulikana kwa maporomoko. Maji ya paa peke yake hayaangushi mlima, ila anayeishi chini ya ghorofa tano mpya anajua mtaro wake umebadilika.

Kwa hivyo ningeligawa paa. Bati na gata na tangi vibaki kwenye nyumba za watu, shosho zetu walivilipia kwa majembe. Udongo na mimea vipelekwe kwenye slabu za majengo ambayo hayataongezwa ghorofa na yenye mwenyewe mmoja anayejulikana: ofisi za kaunti, soko, hosteli, benki. Na kwenye ghorofa za watu binafsi kuna njia ya kati, magunia na makreti yanayohamishika, sukuma na dania, kama kilimo cha magunia kilichoshika Kibera baada ya ghasia za 2008. Vyuma vikianza kupanda, unahamisha gunia.

Pesa ndiyo sehemu ambayo vikundi vya sasa wangeimudu kuliko mradi wowote wa semina. Wanawake walioezeka Central kwa zamu hawakungoja ruzuku. Walijua nyumba ya nani inafuata. Chama cha leo kinaweza kuchangia tabaka la kuzuia maji la mwanachama mmoja mwaka huu, wa pili mwaka ujao, kwa sharti kwamba mhandisi apime nguzo kabla gunia la kwanza halijapandishwa. Nguzo nyingi za mji huu zilihesabiwa kwa macho ya fundi, na udongo uliolowa haujali fundi ni nani.