Kompyuta za Nyumbani na Ufundi wa Bariadi

Huko Uingereza wako watu ambao saa zao za mapumziko huzitumia kufufua kompyuta ndogo za nyumbani zilizotengenezwa katika miaka ya 1980. Hubadili kapasita zilizovuja, husafisha kutu, na hulehemu upya nyaya zilizokatika. Tangu mwaka 1989 wahifadhi wa kompyuta kongwe nchini humo wana chama chao, Computer Conservation Society. Yafaa kuuliza kwa nini Bariadi haikurithi mashine za namna hiyo.

Sababu si upungufu wa akili wala wa mikono. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 Serikali ilitoa amri moja iliyozuia uingizaji wa kompyuta pamoja na televisheni. Vitu hivyo viwili baadaye vilikuja kutegemeana. ZX Spectrum na Commodore 64, zote za mwaka 1982, ziliuzwa bila kioo: maandishi yalionekana katika televisheni ya nyumbani, na programu zilitunzwa katika kaseti ya kawaida. Basi mkulima wa pamba wa Bariadi, hata kama angaliipata mashine, angalipata taabu kuipatia kioo. Tanzania Bara yenyewe haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994.

Katika vyombo hivyo vitatu, kimoja tu kilikuwa kimezoeleka, nacho ni kinasa sauti cha kaseti. Fundi wa redio alijua kulehemu, kubadili mkanda uliolegea, na kusafisha kichwa cha kusomea. Huo ndio ufundi wanaoutumia wafufuaji wa Uingereza.

Kwa hiyo urithi wa Bariadi, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipoundwa mwaka 2012, ni kompyuta kuukuu zilizofika baadaye, ambazo leo huonekana takataka. Hapana budi baadhi yake zihifadhiwe, pamoja na maelezo ya fundi: ziliharibika nini, zilitengenezwaje, na kila kipande aliitaje. Wataalamu walipendekeza ngamizi, na Kenya ikapata tarakilishi, lakini Tanzania neno lililoenea ni kompyuta. Majina ya vipande vya ndani yamo vinywani mwa mafundi. Mashine ikiisha kuyeyushwa, majina hayo hayatakuwa na kitu cha kuyaeleza.