Hazina na Mpaka: Mwanamke wa Kamanga na Fedha za Kazi na Mafunzo

Kila hazina ya umma ina mpaka wake. Fedha hukusanywa katika nchi fulani, huandikwa katika daftari fulani, na hutolewa kwa watu ambao daftari hilo lawatambua. Lakini kazi ya mwanadamu haifuati mpaka huo. Mkulima huhama akitafuta ardhi, mvuvi hufuata samaki, na mchuuzi hufuata soko. Pale hazina na kazi zinapoachana njia, hutokea watu wanaobaki katikati, si wa huku wala si wa kule. Na aghalabu watu hao huwa ni wanawake. Makala haya yachunguza jambo hilo kwa kuutazama ufuko wa Kamanga na mji wa Mwanza, tangu zama za utawala wa Kiingereza hata siku hizi.

Kamanga i upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, katika Wilaya ya Sengerema, nao mji wa Mwanza u ng'ambo ya maji. Nchi ya upande huo ilikuwa ya Wazinza tangu kale, na Wasukuma wengi waliihamia baadaye. Kivuko ndicho kilichozifunga pande hizi mbili kuwa soko moja. Mwanamke wa Kamanga avukaye asubuhi na mzigo wake wa dagaa, viazi au kuku, akarejea jioni na sabuni na mafuta ya taa, hulala katika eneo la halmashauri moja na kuchuma riziki yake katika eneo la nyingine. Basi, akitaka mtaji au akitaka kufundishwa kazi, ni hazina ipi inayowiwa naye?

Swali hili si geni. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alileta Tanganyika sheria ya utawala wa wenyeji, ambayo kwayo machifu walipewa mabaraza, mahakama na hazina zao. Sehemu ya kodi ilirudishwa katika hazina hizo ili ilipe mishahara ya watumishi, itengeneze njia na kusaidia shule na zahanati. Mji, kwa upande wake, ulikuwa na sheria yake mbali, wala haukuwa chini ya chifu. Hivyo nchi moja iligawanyika pande mbili: nchi ya chifu, ambamo mtu alikuwa wa kabila fulani na mlipaji wa hazina fulani, na mji, ambamo Mwafrika alihesabiwa kama mpitaji aliyekuja kwa kazi, ambaye siku moja hana budi kurudi kwao.

Katika mpango huo mwanamke alipungukiwa mara mbili. Kwanza, mlipa kodi aliyeandikwa alikuwa mwanamume. Na mwenye wake wengi alitozwa kwa ajili ya wake wa ziada, kana kwamba mke ni hesabu iliyo chini ya jina la mumewe. Pili, mwanamke aliyeondoka nyumbani na kwenda Mwanza kupika chakula, kuuza samaki au kutengeneza pombe alitoka katika nchi ya chifu bila ya kuingizwa katika mji. Mwanza ilikuwa imekua sana baada ya reli ya kutoka Tabora kufika mwaka 1928, na makuli wa gati na wa stesheni walihitaji kulishwa. Mwanamke aliyewalisha alikuwa na kazi, lakini kazi yake haikuwa na jina katika daftari lolote.

Pamba ilizidisha jambo hilo. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda vyama vya ushirika vyao wenyewe ili wasipunjwe katika mizani ya wanunuzi. Na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana chini ya shirikisho kuu la ushirika wa Ziwa Victoria. Tendo hilo ni miongoni mwa matendo makuu ya historia ya Tanganyika. Lakini mwanachama aliyeandikwa, aliyepewa stakabadhi na kulipwa, kwa kawaida alikuwa mwenye kaya. Mkewe alipalilia na kuchuma. Fedha zikaja kwa jina la mume. Na palipokuwapo mafunzo kwa wanawake, yaliyotolewa na idara ya maendeleo ya jamii katika vilabu vya akina mama, yalikuwa ya kushona, kupika, kulea watoto na kusoma. Mafunzo hayo yalikuwa mema, lakini yalimwandaa mwanamke kwa nyumba, hali nusu ya maisha yake ilikuwa shambani na sokoni.

Uhuru ulibadilisha mengi. Mwaka 1962 Umoja wa Wanawake wa Tanganyika uliundwa chini ya uongozi wa Bibi Titi Mohamed, na mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa kwa sheria. Kwa upande wa mafunzo, Nyegezi, karibu na Mwanza, palikwisha anzishwa chuo cha mafunzo ya jamii mwaka 1960 kwa juhudi ya Askofu Joseph Blomjous. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998. Mwaka 1971 Sheria ya Ndoa ilimpa mke haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Mwaka 1974 ikatungwa sheria ya mafunzo ya ufundi. Na ile ya mwaka 1994, iliyounda mamlaka iitwayo VETA, iliweka tozo juu ya mishahara inayolipwa na waajiri, ili sehemu yake igharimie vyuo vya ufundi.

Hata hivyo, fikira ile ya kale haikufa pamoja na machifu. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, ambayo kwayo waliokuwa mijini bila ya kazi yenye kutambulika walikusudiwa kurudishwa vijijini wakalime. Sheria hiyo ilitokana na shida ya kweli, maana chakula kilikuwa haba na uchumi umeanguka. Lakini tatizo lilikuwa katika neno "kutambulika". Kukaanga samaki kando ya njia, kupika uji gatini, kuuza vitumbua: kazi hizi zililisha mji, na mtendaji wake akahesabiwa mzururaji. Tozo ya mafunzo nayo, ambayo haina mpaka wa wilaya, ilitegemea mishahara iliyoandikwa. Na mafunzo yake yalielekea ufundi wa viwanda, si kazi ya mwanamke wa mwaloni.

Samaki wenyewe ndio waliotoa ushahidi mkubwa. Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, naye akaenea kwa wingi katika maji ya Tanzania kwenye miaka ya 1980, akiwala furu walioliwa na wenyeji siku zote. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilisimama Mwanza, na samaki akapata bei ya Ulaya. Wanawake waliozoea kununua samaki kwa wavuvi, kuwakausha na kuwauza, sasa walishindana na mawakala wa viwanda wenye barafu, mashine na fedha za mkopo. Wengi walishuka wakabaki na dagaa, au na kile kilichotoka kiwandani baada ya minofu kukatwa: vichwa na mifupa, ambayo watu wa Mwanza waliita mapanki, au mgongo wazi. Waliikaanga, wakaiuza kwa wasioweza kununua samaki mzima. Utajiri wa ziwa uliongezeka, na fungu la mwanamke katika utajiri huo likapungua. Mwenye hasara hakukosa bidii wala ujuzi wa samaki. Alikosa mtaji na mafunzo ya kazi mpya, kwa wakati uliofaa.

Yafaa kulinganisha na nchi iliyo mbali. Kanada, kwa sheria ya mwaka 1876, iliwagawa wenyeji wa asili kwa ardhi zilizotengwa na kwa orodha ya majina. Mwanamke aliyeolewa na mwanamume asiyekuwamo katika orodha hiyo alifutwa jina, na pamoja na jina alipoteza haki ya kukaa katika ardhi ya kwao; mwanamume aliyeoa nje hakufutwa. Mwaka 1981 kamati ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikubali lalamiko la Sandra Lovelace, na mwaka 1985 sheria ikarekebishwa. Lakini kurudishiwa jina hakukuwa kurudishiwa fungu. Serikali ilipoanza mwaka 1999 mpango wa kugharimia ajira na mafunzo ya wenyeji, usimamizi wa fedha katika sehemu nyingi ulipewa mamlaka za ardhi zilizotengwa, na jamii za waliokaa mijini zikanyimwa sauti juu yake. Katika kesi ya Misquadis, mahakama iliamua mwaka 2002, na rufani ikathibitisha mwaka 2003, kwamba kuwaacha hivyo kulivunja usawa. Mwanza si Kanada; wala mwanamke wa Kamanga hakufutwa katika orodha yoyote. Lakini hoja ni ile ile: mtu asipoteze fungu lake la mafunzo kwa sababu kazi imemtoa mahali alipoandikwa.

Tanzania yenyewe imepiga hatua. Katika miaka ya 1990 uliundwa mfuko wa maendeleo ya wanawake, na halmashauri ziliagizwa kutenga sehemu ya mapato yao kwa mikopo ya wanawake na vijana. Mwaka 2018 agizo hilo likawa sheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila ya riba. Mwaka 2023 utoaji ulisimamishwa, kwa kuwa ukaguzi ulionyesha fedha nyingi zisizorejeshwa na vikundi visivyokuwapo. Mwaka 2024 ukarejeshwa kwa utaratibu mpya. Kumbe daftari laweza kukosea pande mbili: humwacha aliye hai sokoni, na humwandika asiyekuwapo duniani.

Tena fedha hizo hutoka kwa halmashauri moja moja, na kikundi hupitia kata yake. Mchuuzi wa Kamanga hulipa ushuru wa soko Mwanza, na kwa ushuru huo hujaza hazina ya ng'ambo. Lakini akiunda kikundi kwao, huomba Sengerema, ambayo haikupata ushuru ule. Halmashauri yenye soko kubwa ina cha kukopesha. Yenye mialo na mashamba ina kidogo. Hivyo jasho la mwanamke huvuka maji kila siku, na fungu lake halivuki.

Wanawake wenyewe hawakungoja. Upatu, na baadaye vikoba, ni hazina ambazo daftari lake ni kujuana. Mwenye kuaminiwa huingia, akae Kamanga au Kirumba. Lakini upatu una kikomo chake: waweza kununua gunia la dagaa, hauwezi kujenga karakana wala kumlipa mwalimu. Wasemao kwamba wanawake wajisaidie kwa vikoba vyao wasema nusu ya kweli, maana mafunzo ya kazi ni mzigo wa umma, na wanawake hao tayari ni walipa ushuru wa umma.

Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 na zaidi, juu ya ghuba ile ile ambayo kivuko cha Kamanga huivuka upande wa kaskazini. Kama serikali imeweza kuziunganisha ng'ambo mbili kwa chuma na zege, haitakuwa kazi kubwa zaidi kuziunganisha kwa daftari: halmashauri zilizo kandokando ya ghuba zikikubaliana kutambua kikundi kimoja chenye wanachama wa pande zote mbili, na vyuo vya ufundi vikihesabu ukaushaji bora wa dagaa, uhifadhi wa samaki na utunzaji wa hesabu kuwa ufundi kamili. Kwa karibu miaka 100 mwanamke wa ufuko huu ameulizwa anatoka wapi kabla ya kuulizwa afanya kazi gani. Swali la pili ndilo lililopasa kutangulia.