Bastola za Kijerumani na Habari za Unyaturu

Wako watu Ulaya na Marekani wakusanyao bastola za kale za jeshi la Kijerumani. Huipenda hasa ile iliyobuniwa na Georg Luger, ambayo jeshi la nchi kavu liliipokea mwaka 1908. Huifungua na kuzisoma tarakimu zilizopigwa juu ya vipande vyake. Zikilingana zote, thamani yake huzidi. Hutafuta pia bastola nzito ya mwaka 1879, ishikayo risasi sita, zitiwazo moja moja. Kwa alama hizo hujua karakana, mwaka, na pengine kikosi. Aliyeelekezewa mtutu hatajwi.

Habari zake hazina budi kutafutwa kwingine. Mwankoko, kata ya Manispaa ya Singida, imo katika nchi ya Wanyaturu, na huko wazee wamemhifadhi Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, nao wakamwua. Yasimuliwa kwamba aliwapelekea nyuki. Uwanja wa michezo wa Singida umepewa jina lake.

Tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake Abercorn, mji uitwao leo Mbala. Silaha zilihesabiwa. Masimulizi ya waliopigwa nazo hayajahesabiwa. Chuma chaweza kungoja kabatini miaka mia bila kupungua neno, lakini mzee hangoji. Basi mwenye daftari na aanze kwake.