Sokwe wa Angani na Hirola wa Garissa

Habari za wanyama waliorushwa angani kwa kawaida huanzia Moscow na kuishia Florida. Laika, mbwa aliyeokotwa mitaani Moscow, alirushwa Novemba 1957 bila mpango wowote wa kumrudisha, akafa kwa joto baada ya saa chache. Sokwe Ham, aliyenaswa Kamerun akiwa mdogo, alirushwa na Wamarekani tarehe 31 Januari 1961. Alikuwa amefundishwa kusukuma wenzo taa ya buluu inapowaka. Akichelewa, nyayo zake zilipigwa shoti ya umeme. Kabla ya safari aliitwa namba 65, na jina akalipata aliporudi salama. Mbwa wa mitaani hana mwenyewe wa kulalamika, na sokwe aliyevushwa bahari hana jirani. Nadhani hapo ndipo penye kiini cha historia hii: mnyama husafirishwa kwa urahisi pale ambapo hakuna wa kuulizwa.

Hoja hiyo inapimika vizuri zaidi Garissa, nchini Kenya. Hirola, swala mwenye mstari mweupe unaounganisha macho mithili ya miwani, asili yake ni mashariki ya mto Tana hadi kusini-magharibi mwa Somalia. Mwaka 1963 baadhi yao walikamatwa wakapelekwa hifadhi ya Tsavo Mashariki ili wawe akiba, na si wote waliosalimika. Wafugaji wa Kisomali, ambao ng'ombe wao walilisha nyika moja na swala hao, hawakuwa na kauli. Kaskazini Mashariki mwa Kenya kulikuwa kumetawaliwa kama eneo lililofungwa, binadamu akitakiwa kibali cha kuingia au kutoka. Mwaka 1996 zoezi likarudiwa, na hirola wapatao 30 wakahamishwa. Safari hiyo wenyeji walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki Shirika la Wanyamapori la Kenya, wakidai kwamba kazi yake ni kuwalinda wanyama mahali pao, si kuwahamisha. Mahakama ikatoa amri ya kulizuia.

Kuna atakayesema kwamba wenyeji waliweka fahari mbele ya uhai wa mnyama. Pingamizi hilo lina uzito. Ugonjwa wa sotoka wa miaka ya 1980 uliwafyeka hirola wengi, na leo wamebaki chini ya 500 porini; kundi la Tsavo ni akiba ya kweli. Hata Ham alitoa ushahidi kwamba kiumbe anaweza kufanya kazi akiwa angani, na miezi michache baadaye Mmarekani Alan Shepard akaruka angani. Lakini faida iliyopatikana haithibitishi kwamba ridhaa isingeleta faida hiyohiyo. Huko Ijara, jamii ya Ishaqbini ilitenga ardhi yake yenyewe, na mwaka 2012 hirola 48 wakaingizwa ndani ya uzio wa kuzuia simba na fisi. Miaka michache baadaye idadi yao ilikuwa imezidi maradufu, bila hata mmoja kuvushwa Tana.

Laika na Ham hawakuweza kukataa, na hirola vilevile hakuweza. Tofauti ni kwamba hirola alikuwa na majirani waliokataa kwa niaba yake, kisha wakabeba gharama ya kukataa huko kwa kutoa malisho yao. Haki ya kuzuia safari ya mnyama huwa na maana pale anayeidai anapokubali pia wajibu wa kumtunza.