Ordinateri ya zamani inapiga kelele: nini ufanye mbele ya kununua ingine

KIBATI – Ukiingia mu sekretaria yoyote ya barabara ya Goma–Rutshuru, pale wanafunzi wanaandikisha kazi zao na wazazi wanatoa fotokopi, unasikia mvumo kama wa ndege inayotaka kuruka. Ni ordinateri, au kompyuta kama wengine wanavyosema. Wenye kazi wameuzoea. Sisi kwa redio hatukuweza kuuzoea, maana mikro inaukamata. Wasikilizaji walifika kutuuliza kama studio iko kando ya mashine ya kusaga unga.

Siku moja ile kelele ilinyamaza yenyewe na tukafurahi. Kisha dakika kumi, ordinateri ilizimika, na mahojiano ambayo hatukuwa tumeyahifadhi yalipotea. Ventilateri ilikuwa imekufa. Toka siku ile tulijua kama kelele ni onyo, na kuna mambo mtu anaweza kufanya kwa bei ndogo mbele onyo halijageuka hasara.

Kelele inatoka wapi?

Ndani ya ordinateri kuko prosesa, ndiyo inafanya hesabu zote. Inakula umeme na inatoa joto. Prosesa ya Core 2 Duo, yenye kupatikana sana mu mashine za okazioni, inaweza kutoa joto la wati 65, sawa na ampule ya zamani, lakini juu ya kipande kidogo kuliko sanduku la kiberiti. Pentium 4 zingine za miaka ya 2004 na 2005 zinafika wati 115.

Juu ya prosesa kuko radiateri ya aliminiamu au shaba, na juu ya radiateri kuko ventilateri. Kati ya prosesa na radiateri kuko pati ya joto, ile rangi nyeupe au ya kijivu inayosaidia joto kupita. Kadi mama inapima joto: likipanda, inaamuru ventilateri izunguke kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mara nyingi ventilateri haina kosa. Inapiga kelele juu inakimbizana na joto ambalo halipati njia ya kutoka.

Hapa kwetu kuko sababu mbili zaidi. Ya kwanza ni vumbi. Vumbi ya volkeno ni mawe na vioo vilivyosagika. Haizibi tu radiateri, inakula pia ile sehemu ambayo ventilateri inazungukia. Ya pili ni mwinuko. Ziwa Kivu peke yake liko kwa mita 1,460 hivi juu ya bahari, na Kibati iko juu zaidi. Hewa yetu ni nyepesi, karibu sehemu moja kwa saba inapungua ukilinganisha na Mombasa ao Dar es Salaam, basi ventilateri inapaswa kufanya kazi zaidi.

Tafuta kwanza ni nani anapiga kelele

Kunja karatasi ngumu kama bomba, weka upande mmoja kwa sikio, upande mwingine usogeze karibu na kila sehemu bila kugusa kitu. Kama ni mvumo wa upepo unaopanda na kushuka, ni joto na vumbi. Kama ni mkwaruzo ao mtetemo, zaidi asubuhi wakati kuko baridi, ventilateri imechoka. Ventilateri ya namna ile inaweza kukataa kuzunguka tena siku umeme unakatika na kurudi.

Kama sauti inatoka mu boksi ya umeme, usilifungue: ndani kunabakia umeme hata kama umechomoa waya. Peleka kwa fundi. Na kama ni diski inayogonga tak-tak, acha mambo ya kelele, nakili kazi zako leo leo.

Kusafisha

Zima, chomoa waya, gusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini utoke. Tumia burashi laini ya rangi na pompi ya mkono. Wengi wanapeleka mashine kwa quado ili wapulizie na kompresa ya mipira. Inasaidia, lakini ile hewa inatoka na maji na mafuta. Omba kwanza wamwage maji ya kompresa, simama mbali kidogo, na shika mapanga ya ventilateri na kidole yasizunguke. Ukiyaacha yazunguke kwa nguvu ya kompresa, yanaweza kuvunjika ao kuharibu kadi mama.

Toa ventilateri juu ya radiateri kama inawezekana. Mara nyingi vumbi inajificha pale chini, imeshikamana kama blangeti, na aliyepulizia juu tu hakuiona.

Kubadilisha pati ya joto

Kisha miaka mingi pati inakauka kama udongo. Mbele ya kutoa radiateri, acha mashine iwake dakika kumi ili pati ilainike, kiisha zima na uchomoe waya. Zungusha radiateri polepole kulia na kushoto, usiivute kwa nguvu. Kwa mashine za AMD, prosesa inaweza kutoka pamoja na radiateri, na miguu yake ikipinda, umepoteza yote.

Kwa Intel nyingi, radiateri inashikwa na vifungo vine vya plastiki. Zungusha kila kimoja robo kwa kufuata mshale, kiisha vuta juu. Wakati wa kurudisha, vigeuze namna vilikuwa, ukandamize kwa msalaba: kimoja, kiisha kile cha pembe ingine, mpaka usikie “tak”. Kifungo kimoja kisipoingia, joto litapanda mu dakika chache.

Pangusa pati ya zamani na alkoli ya 90 ya farmasi. Weka pati mpya kiasi cha punje ya mchele ao zaidi kidogo, katikati. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo midogo tu. Ukijaza kama siagi juu ya mkate, unazuia joto. Dawa ya meno hapana: inakauka upesi.

Mafuta ao ventilateri mpya?

Kama inakwaruza, unaweza kubandua ile karatasi ya nyuma na kutia tone moja la mafuta ya mashine ya kushona. Mafuta ya kupikia yanaganda. Lakini ujue kama ni dawa ya muda. Tafuta ingine wakati hii ingali inazunguka.

Ukienda kununua, chukua ile ya zamani mkononi. Angalia mambo haya:

– Upana: milimita 80, 92 ao 120. Pima na unene pia. Ventilateri kubwa inayozunguka polepole inapitisha hewa sawa na ndogo inayokimbia, na kelele inapungua.
– Umeme: iandikwe volti 12.
– Nyuzi: ya nyuzi nne, kadi mama inaipangia mbio vizuri. Ya nyuzi tatu, kadi mama zingine zinaiacha ikimbie siku zote. Mashine zingine za ofisi za Dell ziko na kichwa chao cha pekee.
– Matundu: ukibadilisha na radiateri, pima toka tundu mpaka tundu. Intel za LGA 775 ziko na milimita 72. LGA 1155 ziko na 75. Kwa macho zinafanana, lakini haziingiliani.

Kisha kazi

Washa, ingia mu BIOS, mara nyingi kwa kufinya F2 ao Del, na tafuta ukurasa wa joto. Kati ya digrii 40 na 55 mashine ikiwa haina kazi nyingi, ni sawa. Ikipita 80, zima, radiateri haikukaa vizuri. Usijaribu kamwe kuwasha bila radiateri, hata kwa dakika moja.

Baadaye, toa ordinateri chini kwa sakafu, iweke mbali na ukuta, funika na kitambaa wakati imezimwa tu. Isafishe kila kisha miezi mitatu. Wakati wa kiangazi, kila mwezi kama uko kando ya barabara.

Ile ya studio yetu ingali inafanya kazi. Tuliweka ventilateri iliyotoka mu mashine ingine iliyokufa, na pati mpya. Wasikilizaji hawatuulizi tena juu ya mashine ya kusaga. Ila sisi, siku inanyamaza sana, tunainama kwanza kuangalia kama inazunguka.