Kutoka Kipande Hadi Mkataba: Karatasi na Haki ya Mtu Singida

Mtu akikaa barazani baada ya sala ya Alasiri katika mji wa Singida, au akisimama gulioni wakulima wanaposhusha magunia ya alizeti na vitunguu, hatakosa kusikia mabishano ya namna moja. Kijana atasema: nimefanya kazi miezi minane, nikafukuzwa kwa neno la mdomo, je, nina haki gani? Mwingine atauliza: kadi yangu ya kura imepotea, je, nitapiga kura? Na mzee mmoja atawakatiza wote wawili, aseme kwamba makaratasi ya serikali hayajapata kumletea maskini kheri, na mwenye akili hukaa nayo mbali.

Makala haya yamekusudiwa kumjibu mzee huyo. Hatumbezi, maana neno lake lina asili, na asili yake imo katika historia ya nchi yetu.

Serikali ya Wajerumani ilitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897. Waingereza walipotwaa nchi, wakatunga sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha hazikuwa nyingi Unyaturu wala Iramba, ambako mali ya mtu ilikuwa ng'ombe wake na shamba lake la uwele na mtama. Basi vijana wengi wakaondoka kwenda kutafuta fedha katika mashamba ya mkonge. Huko waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na namba hiyo ikawa kama jina lake.

Manamba alipewa karatasi iitwayo kipande. Kilikuwa na vyumba 30, na kila siku aliyomaliza kazi yake alitiwa alama katika chumba kimoja. Alitakiwa kuzijaza siku hizo 30 katika muda wa siku 42, ndipo apate mshahara wake. Siku aliyougua, au aliyoshindwa kumaliza kazi aliyopimiwa, haikutiwa alama. Na aliyetia alama hakuwa manamba mwenyewe, bali msimamizi. Tena, kwa sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, mfanyakazi aliyetoroka kazini alihesabiwa mkosaji wa jinai, akaweza kushtakiwa na kuadhibiwa. Hivyo karatasi ya kwanza ya kazi ambayo wengi wa babu zetu waliishika ilikuwa karatasi ya kuwafunga.

Karatasi ya kura nayo haikuanza vizuri. Katika uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, uliofanyika kwa awamu mbili, 1958 na 1959, si kila mtu mzima aliruhusiwa kuandikishwa. Yaliwekwa masharti ya kipato, elimu ya shule au cheo, na kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mkulima wa Mkalama au Manyoni asiye na mshahara wala cheti cha shule hakuhesabiwa, hata awe amesoma chuoni kwa walimu wake na watu wanamwendea awaamulie mambo yao. TANU ilikutana Tabora, jirani zetu wa magharibi, Januari 1958, ikabishana sana kama ishiriki au isusie. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wenzake washiriki, wakashiriki na wakashinda. Kama wangesusia karatasi ile kwa sababu ilikuwa na dhuluma ndani yake, wangewaachia wengine waijaze.

Hata baada ya Uhuru, wapo wanaokumbuka miaka ya kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003, jinsi mtu alivyosimamishwa njiani aonyeshe stakabadhi, na asiyekuwa nayo akakimbilia porini. Kwa hiyo mzee wetu hasemi uongo. Anasimulia aliyoyaona.

Lakini kosa lake ni hili: anailaumu karatasi badala ya kumwangalia aliyeiandika na aliyeishika. Dini yetu haikutufundisha kuichukia karatasi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana. Inatuamrisha tuandike deni la muda, liwe dogo au kubwa, na tuweke mashahidi. Inamkataza mwandishi kukataa kuandika. Na tena, jambo ambalo wengi hulipita, inamtaka anayedaiwa ndiye atamke yatakayoandikwa. Kadhalika katika Suratul Qasas tunasoma habari za Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan. Aliajiriwa kwa miaka minane, na miwili zaidi kwa hiari yake, wakawekeana sharti waziwazi kabla ya kazi kuanza, na Mwenyezi Mungu akafanywa shahidi. Huo ulikuwa mkataba wa kazi.

Sasa tazama sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi mambo ya msingi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, saa za kazi, malipo na muda wa mkataba. Na mwajiri akishindwa kuleta maandishi hayo mbele ya sheria, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa huwa juu yake. Mwenye kudaiwa mshahara ndiye mwajiri. Basi yeye ndiye aandike, na asipoandika, yeye ndiye atakayeulizwa. Hapo kipande kimegeuzwa. Yule kijana wa miezi minane asiambiwe hana lake kwa kuwa hana karatasi. Aambiwe aende upesi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwani muda wa kulalamikia kuachishwa kazi ni siku 30. Akichelewa, itambidi kwanza aombe ruhusa kwa sababu za kuridhisha. Wangapi wamezimaliza siku hizo wakibishana barazani!

Ama yule wa kadi ya kura, Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilianza kuandikwa mwaka 2004. Haki yenyewe hutokana na jina lililomo daftarini. Kadi ni ushahidi wake. Katika uchaguzi wa 2020 Tume iliwaruhusu waliopoteza kadi, na majina yao yamo daftarini, watumie hati ya kusafiria, leseni ya udereva au kitambulisho cha Taifa. Lakini uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake: kwa ule wa Novemba 27, 2024, watu waliandikishwa upya katika vitongoji na mitaa yao mwezi Oktoba. Aliyekaa nyumbani akisema kadi yangu ninayo, alikosa kumchagua mwenyekiti wake.

Yatupasa basi kuyaogopa mambo mawili. La kwanza ni kuikimbia karatasi, kwa maana anayeikimbia humwachia mwingine ushahidi wake. La pili ni kuiuza. Mtu anayempa mwenzake kadi yake ya kura kwa fedha kidogo, au anayetia dole gumba kwenye mkataba asiousoma wala kusomewa, au mwajiri Mwislamu aswaliye safu ya mbele huku wafanyakazi wake hawana hata mstari mmoja wa maandishi, wote hao wamechezea amana. Ushahidi ni amana, na kuuficha ni dhambi.

Babu zetu walibeba vipande ambavyo hawakuviandika. Sisi tumepewa kalamu. Siku ya Kiyama kila mtu atapewa kitabu chake mkononi. Tuanze kuvitunza vya hapa duniani kwa uaminifu.